Nilifuta Majina Yote, Mtu Akabaki

Mwanamke ambaye hajawahi kutibiwa kwenye kituo chetu cha afya alikuja kuniomba nimtoe kwenye orodha ya wagonjwa.

Mtaani tunamwita Cheche. Ni fundi wa kuchomelea, nusu ya mageti ya mtaa wetu ni kazi ya mikono yake. Aliingia na glovu bado mkononi, akanisukumia simu.

"Soma hapo, mdogo wangu."

Ilikuwa picha ya ukurasa wa ripoti. Ilishazunguka kwenye magrupu miezi kadhaa.

*Mwanamke, miaka 38, fundi wa kuchomelea, mtaa wa nyuma ya stendi. Anaishi na VVU. Amewahi kukatiza dawa.*



Takwimu za ripoti ile nilizituma mimi, karani wa kumbukumbu wa kituo cha afya. Watafiti walipoziomba, bosi aliniambia, "Futa majina, tuma." Nikafuta safu nzima ya majina bila hata kuisoma. Namba za simu nikafuta. Nikajiona mjanja kweli, nikaenda zangu kunywa chai.

Umri, kazi na mtaa nikaviacha.

Jamani! Mtaa mzima fundi mwanamke wa kuchomelea anajulikana mmoja.

"Mashemeji wamenitengea kikombe," Cheche akasema. "Wateja wakiniona wanavuka barabara. Na nyie hapa hata tone la damu yangu hamjawahi kulichukua."

Nikatafuta kwenye kompyuta. Kweli, hayumo.

"Nakuandikia barua sasa hivi, fundi. Bosi agonge muhuri, ukaibandike hata mlangoni."

Nikashika kalamu. Akaitazama, kisha akairudia ile picha.

"Barua ikisema si mimi, kesho wataanza kumsaka nani?"

"Hilo si lako."

"Basi acha."

Akachukua simu yake, huyo akaenda.

Nilidhani amekata tamaa. Nikaufuata mstari ule kwa namba ya faili, nikafungua daftari la majina.

Alikuwa dada yangu. Tumbo moja.

Dada aliacha kuchomelea miaka minane iliyopita, macho yalipomsumbua, kabla hajahamia mtaa wetu. Mimi nilishazoea kumwona muuza mitumba. Lakini muuguzi alipomuuliza kazi yake, alitaja ile aliyoisomea.

Nikaenda kwake mbio. Nikamkuta amelala mchana, mashavu yamebonyea, anakohoa.

"Tangu picha itoke sijakanyaga kliniki," akasema. "Niliogopa kuonekana na kadi mkononi. Wewe nani kakwambia?"

Nikamweleza yote. Kwamba ni mimi.

Hakunitukana. Heri angenitukana.

Tulimpeleka hospitali ya mbali, lakini kifua kikuu kilishamla. Wiki ya tatu akaniita kando ya kitanda.

"Nikishazikwa, waambie watu si Cheche. Nitaje mimi. Nimekuruhusu."

Makaburini nikasimama nikasema, si Cheche, ni dada yangu. Watu wakainamisha vichwa. Mashemeji wa Cheche walikuwepo, mmoja akaanza kujipangusa viatu ambavyo havikuwa na vumbi.

Watu walipotawanyika nikamfuata Cheche.

"Nisamehe, dada. Umebeba mzigo wa mtu ambaye hata humjui."

"Nilimjua."

"Ulimjua vipi?"

"Chuo cha ufundi, darasa la kuchomelea, tulikuwa wanawake wawili tu, mimi na yeye. Picha ilipofika kwangu, nilimjua kabla sijamaliza kusoma. Siku ile nilikuja kwako kujisafisha, nimechoka. Nilipoona kalamu yako mkononi nikashindwa. Ningemwanika mwenzangu."

"Na hukumwambia?"

"Ningemwambia, angejua kuwa najua." Akafuta macho kwa kiganja kilichojaa makovu ya moto. "Sikujua kama ameacha dawa. Hilo ndilo linaniua."

Mimi niliapa kutunza siri za watu, na ninalipwa kwa kazi hiyo. Yeye hakuapa popote.

Wewe unayekaa na mafaili ya wagonjwa, usiridhike ukishafuta jina. Soma kila mstari kwa macho ya jirani mwenye mdomo. Umri, kazi, mtaa, kila kimoja peke yake hakina neno. Vikikutana, vina uso.

Na uso huo unaweza kuwa wa mwingine kabisa. Mimi nilimpita dada yangu mwenyewe bila kumtambua, na mtaa ukamhukumu asiyehusika.