Mkono Uliokamua Kaki

Ndugu zangu, kabla ya kuugua nilijivunia mikono yangu. Nilikuwa mke wa askari, tukikaa mtaa wa Kisugu, na kila asubuhi ukungu wa ziwani ulinikuta bombani nikifua kaki za mume wangu. Sisi wake wa askari tulizungusha suruali kwenye nguzo ya bomba, tukainyonga mpaka tone la mwisho. Ambaye nguo zake zilidondosha maji kambani alichekwa wiki nzima.

Siku moja niliteleza kwenye povu, nikaangukia kiganja. Nilikuwa na mimba ya miezi minne. Nilishukuru tumbo limepona, mkono nikausahau. Maumivu yakakaa kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo. Nikigeuza ufunguo, kitu kililia ka! ndani na machozi yakanitoka. Majirani wakasema mkono umelegea, ukazwe kwa kazi. Nami, mjinga, nikazidi kukamua. Mwezi wa pili tangu nianguke sikuweza kushika kikombe. Nikisinzia mchana niliota mtoto ananiponyoka, anazama polepole kwenye beseni la povu. Niliogopa sana.

Hospitalini madaktari wengi walikuwa wameshakimbia nchi kwa kuogopa utawala wa kijeshi. Aliyebaki alinibonyeza kwenye kishimo kando ya kifundo, nikaruka. "Nyabo," akaniita kwa heshima, "simama. Sukuma kiti chini na hii mukono." Sikuweza kujiinua. Picha ya eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Akasema kimto cha gegedu, laini kama mpira, kati ya mifupa kimechanika. Akanifunga plasta mpaka juu ya kiwiko, mkono usigeuke, wiki sita. "Hapana kamua kitu," akasema. "Hata kitambaa."

Mume wangu aliogopwa mtaa mzima. Kesho yake nilimkuta bombani, amechuchumaa, anakamua kaki yake, na wanawake wamemwachia bomba.

"Mukono yako ni ya mutoto," akaniambia. "Hii kazi yangu."

Siku ya kutoa plasta, daktari naye alikuwa ameondoka. Mume wangu akailoweka kwenye beseni, akaikata taratibu kwa mkasi. Mkono ulitoka mwembamba, kama wa mtu mwingine. Nikauzoesha kila siku kwa kufinya kitambaa ndani ya maji ya vuguvugu. Binti yetu alipozaliwa, kichwa chake kilitulia kwenye kiganja kile kile.

Wewe unayeumwa kifundo, usiukaze mkono kwa kazi. Upumzishe, ukapimwe mapema. Namshukuru daktari yule, popote alipo, na mume wangu, ambaye vita vilimchukua kabla binti hajatembea. Kaki yake ya mwisho, aliyoiacha nyumbani, niliifua na kuikamua mwenyewe, polepole. Mkono haukuuma hata kidogo.