Vyura Weupe wa Pangoni Keza

Nakumbuka siku niliyosuuza bomba la dawa ya kupe pangoni, mwanangu.

Nilikuwa msichana wa kukaribia kuolewa, mvivu wa kutembea. Nilikuwa nimemaliza kuwapulizia ng'ombe, kijito kiko mbali, chemchemi ya pangoni iko karibu. Nikasuuza humo humo, haraka haraka, nikaliacha bomba likauke.

Humo waliishi vyura wadogo weupe, wasiolia. Kwingine sijawahi kuwaona. Kwetu Keza mwanamke hakuchota maji kabla ya kuinama na kuwaangalia. Akimwona mmoja amekufa, anarudi na ndoo tupu na kuwaonya majirani.

Niliporudi kuchukua bomba nikakuta wameelea wote, wamekufa. Unajua nilifanya nini? Niliwaokota nikawafukia, bibi yangu asijue.

Jioni wifi yangu akaleta maji, akammiminia mtoto wake.

"Umeangalia?" bibi akamuuliza.

"Nimeangalia, bibi. Hakuna aliyekufa."

Nikakipiga kikombe kikaanguka. "Msinywe! Nimewaua mimi, nikawafukia!"

Bibi hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alisema, "Kuwaua ni ujinga, nakusamehe. Kuwafukia, ulijua unachofanya."

Akanishika mkono tukapita nyumba kwa nyumba, mimi ndiye wa kusema. Kwa mzee jirani tulikuta ameshakunywa. Siku tatu nilikwenda kwake asubuhi, nasema shikamoo mlangoni, nasubiri kama ataitikia. Aliitikia zote tatu. Vyura hawakurudi.

Sasa na wewe una bomba lako na shamba lako. Utakosea tu, kwani wewe nani? Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Usifiche kilichokufa, maana kuna mtu anakiangalia ili ajue kama yuko salama.

Nami sijamaliza, mwanangu. Mwezi uliopita alikuja mtaalamu na tochi kuwatafuta vyura wale. Alisema hakuna aliyewahi kuwachunguza. Nikamwonyesha pango, sikumwambia nilichofanya. Akaondoka akidhani labda wazee tuliota.

Mungu akubariki, akupe ujasiri wa kusema wakati kusema bado kunasaidia. Haya, toa simu yako. Yule mtaalamu aliacha namba yake. Nipigie hiyo namba, nimwambie mwenyewe.