Miguu ya Teresia

Mwaka wa 1984, miezi minane tangu aanze dawa za ukoma, Teresia Erot, muuza maziwa wa Isiolo, alishikwa na homa na miguu ikajaa vinundu vyekundu vyenye maumivu makali. Majirani wakasema ugonjwa umerudi. Shemeji yake, Nangiro, akawasha moto, akatia chuma ili avichome vile vinundu, kama wazee walivyozoea.

"Usiniguse!" Teresia akafoka. "Daktari amesema vijidudu vimekufa. Mwili wangu ndio bado unapigana na mizoga yao. Amenipa vidonge vya kuutuliza, na dawa za ukoma siachi."

"Tangu lini mzoga ukauma mtu?" Nangiro akacheka.

Teresia akachomoa kijinga kwenye moto uleule, akafukiza kibuyu chake kwa moshi kama kila asubuhi ili maziwa yasiharibike, akayamimina. Kisha akachechemea hadi sokoni, akaketi mahali pake pa siku zote, akainyoosha miguu mbele ya watu, wazi bila leso. Wanunuzi wakarudi nyuma.

"Tazameni mshibe!" akawaambia. "Mimi adui nimeshamuua. Nyinyi mnakimbia mizoga."