Mzee wa Tinde na Mkalimani Wake

Juzi nilikaa mahakamani Kahama. Wakili alikuwa akipinga mteja wake kuwekwa mahabusu: mzee mfuga ng'ombe wa Tinde, aliyeletwa kutoka Burundi akiwa mtoto wa mgongoni.

Mkalimani wa Kirundi akamsalimia. Mzee akakunja uso. "Huyu simwelewi. Nipeni Msukuma."

Ikabidi atafsiri afisa uhamiaji, Msukuma wa kuzaliwa, yuleyule aliyetaka mzee aendelee kukaa ndani.

"Muulize alivukaje mpaka," akasema hakimu.

"Anasema alikuwa amelala."

Kila afisa alipokwama kwenye Kisukuma, mzee alimsahihisha taratibu, kidole juu. Mwishowe akamwombea msamaha: "Msimlaumu, kijana kakulia mjini."

Hakimu akamwachia mzee. Bahati ya afisa, hakuna aliyeuliza ni yupi kati yao arudishwe kwao.