Bibi wa Sefu Arudishwe Kwao

Kuna watu kule Beni ambao mpaka leo wakinikuta njiani hawaniulizi habari za safari wala za nyumbani, wananiuliza kama bibi yangu hajambo, halafu wanashikana mabega na kucheka, na mimi sijaoa. Nimejaribu kukasirika, haikusaidia. Basi afadhali niwaelezee mwenyewe aibu yangu kabla hamjaisikia kwa rafiki yangu Masika, maana Masika akiisimulia huwa ananiongezea maneno ambayo sikuyasema (niliyoyasema yanatosha kabisa).

Sisi hapa Vulamba, Butembo, tuna kikundi cha kusoma. Tunakutana Jumapili, Wakatoliki tukitoka misa na Masika na wenzake Waprotestanti wakitoka ibada, kila mtu anasema kitabu chake kimempendeza wapi na kimemchosha wapi, tunabishana, tunakunywa chai, tunarudi nyumbani. Shida yetu ilikuwa vitabu vyenyewe. Tulikuwa navyo vichache, na tulivisoma hata tukawa tunawasengenya watu wa ndani yake kama majirani. Ndipo tukasikia kwamba Beni, kule Mulekera, kuna dada anaitwa Kahindo, naye ana kikundi chake, na nyumbani kwao kuna katoni nzima ya vitabu vya Kiswahili vilivyotoka Tanzania kupitia mpaka wa Kasindi. Vilikuwa vya kaka yake, ambaye amefariki. Kahindo alikubali kutuazima, mais, yaani lakini, akatuonya mapema: mwenye neno la mwisho ni koko, nyanya yao, yule mama mzee aliyewalea wote wawili, na koko haruhusu hata kitabu kimoja kitoke nyumbani kabla hajaona kwamba wanaokichukua ni wasomaji kweli. Akatutumia kimoja, tukipokezane, halafu twende Beni kutoa maoni yetu mbele yake. Tukifanya vizuri, katoni ni yetu.

Wakanichagua mimi kuwa msemaji. Sababu ilikuwa kwamba ninasema sana, hakuna nyingine.

Kitabu kilinifikia mimi wa mwisho, safari ikiwa kesho yake, na nilipokishika nikajiambia kwamba sura ya kwanza ya kitabu chochote ni salamu tu, mwandishi bado anajikuna kichwa, habari zinaanza sura ya pili. Nikairuka. Uamuzi ni huo mmoja tu, mdogo, na yote yaliyonipata yametoka humo.

Kitabu chenyewe kilikuwa habari ya kijana Sefu anayeishi na bibi yake. Sasa, huku kwetu mtu akisema "bibi yangu" amesema mke wake, basi, na mimi sikuona sababu ya kusita (kingekuwa cha Kifaransa ningefungua kamusi, lakini Kiswahili nimekua nacho, kamusi ya nini?). Nikasoma kwamba bibi wa Sefu hana meno. Nikashangaa, mais nikasema kila mtu na kipenzi chake. Nikasoma kwamba bibi anatembea na fimbo, kwamba anamngojea Sefu mlangoni kila jioni, na Sefu akichelewa anamwambia, "Mume wangu, leo umenitupa kwa ajili ya nani?" Mume wangu! Hapo shaka zote zikaniisha. Nilipofika mahali ambapo Sefu anampenda Neema, binti wa jirani, na bibi badala ya kuwaka moto anafurahi na kusema aletwe nyumbani amwone, nikaweka kitabu chini nikashika kichwa kwa mikono miwili. Mwandishi huyu, niliwaza, ni mtu hatari, na lazima mtu amwambie ukweli.

Ndani ya taksi, kutoka Butembo mpaka Beni, hatukuzungumzia kitabu hata kidogo. Tulikuwa tumekatazana, eti maoni yafike yakiwa mapya. Laiti tungekiuka!

Sebule ya akina Kahindo ilijaa. Katoni ilikuwa juu ya meza, wazi, migongo ya vitabu inaonekana, na kando yake koko amekaa kwenye kiti na shali mabegani, macho amefumba. Nilidhani amelala. Nikasimama, nikashukuru kwa chai, nikasifu kitabu kidogo jinsi inavyotakiwa, kisha nikasema, "Mais mimi niko na shida na ile ndoa."

Watu wakacheka. Wale wa Beni walifikiri naleta utani, na mimi kicheko cha watu ni ugonjwa wangu, kikinipata siwezi tena kufunga mdomo.

"Munacheka? Kijana muzima, iko na nguvu, iko na masomo, na bibi yake haina hata jino moja! Nani alimuchagulia ile bibi?"

Wakacheka zaidi, wengine wakapiga mapaja. Masika, aliyekaa karibu yangu, akanifinya mguu. Nikaelewa kwamba ananiunga mkono. Nikapandisha sauti.

"Na magonjwa yake ni ya uongo! Sefu akisema anaenda mujini kutafuta kazi, bibi anaanguka kitandani. Ile ni wivu! Mi naona alimulisha dawa. Haiwezekane kijana kama ule apende muzee vile bure."

Kicheko kikapungua. Mama mmoja karibu na dirisha akaweka kikombe chini. Masika akanifinya tena, safari hii kwa kucha, mais mimi nilikuwa nimeshapata moto, na mtu aliyepata moto hasikii kucha.

"Kwetu Butembo, bibi kama ile anarudishwa kwao! Arudishwe, na baba yake arudishe mbuzi zote!"

Hakuna aliyecheka. Kahindo alikuwa amekuja mbele. Akafunga katoni, akaweka mkono juu yake.

"Kasereka," akaniambia polepole, "ile kitabu njo ile kaka yangu alikuwa anasomeaka koko kila mangaribi. Nilibatumia ile juu nilifikiri mutatuelewa. Sasa weye unakuya hapa, mbele yake, unasema koko ya mutu alilisha mutoto dawa?"

"Hapana, sisemi koko! Mi nasema bibi ya Sefu."

"Soma page ya kwanza."

"Page ya kwanza..."

"Soma. Kwa sauti, bote basikie."

Nikafungua. Nikasoma kwa sauti ya msomaji wa kanisani: "Bibi yangu, mama mzaa baba, ndiye aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki, na kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mume wake."

Mwandishi alikuwa ameyaweka yote pale, mstari wa kwanza kabisa, kama aliyeonywa kwamba siku moja mimi nitakishika kitabu chake.

"Njo maana nilikuwa nakufinya!" Masika akapiga kelele.

Nyumba ikalipuka. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kwenda kuchekea uani, na mimi nimesimama katikati na kitabu mkononi, masikio yanawaka, natafuta pa kuangalia. Mais Kahindo hakucheka, na mkono wake ulikuwa bado juu ya katoni. Hapo ndipo aibu ilipogeuka kuwa kitu kingine. Niliwaona wenzangu wa Butembo wanaitazama ile katoni, nikaelewa kwamba nimewapotezea vitabu vyote kwa sababu ya kuruka kurasa chache, tena nimemwumiza mwenye nyumba mahali ambapo hakuna dawa. Nilitaka kulia, nawaambia kweli.

"Weye."

Ilikuwa sauti ya koko. Macho alikuwa ameyafungua, tena hayakuwa na usingizi wowote.

"Ulisema banirudishe kwetu?"

"Koko, unisamehe. Nilisoma mubaya."

"Kwetu ni kule Mabalako. Na hii magoti, nani atanibeba? Weye?"

Akaniita kwa kidole, nikaenda nikachuchumaa mbele ya kiti chake. Akachukua kitabu mkononi mwangu, akakipangusa kwa pembe ya shali, ingawa hakikuwa na vumbi.

"Mutoto ya mutoto yangu," akasema, "siku alinisomea ile page, alicheka sana. Akasema, 'Koko, kumbe kule kwao koko njo bibi! Basi weye njo bibi yangu, mi sitaoa tena.' Kutoka ile siku, akirudia nyumbani, bibi. Akiwa na njaa, bibi. Mbele ya mapadri, bibi! Nilikuwa namupiga na kifagio. Tangu tulimuzika, hakuna mutu aliniita ile jina humu ndani ya nyumba. Leo weye umeisema mara mingi, na makelele. Nilifumba macho juu nisikie muzuri."

Wale waliokuwa nje uani walikuwa wamerudi, wamesimama mlangoni. Kahindo akageuza uso ukutani.

"Kahindo," koko akasema, "fungua carton. Baende nazo. Mais huyu bwana yangu abakie kwanza, anisomee ile chapitre aliruka."

Basi nikakaa kwenye mkeka, wenzangu wakapakuliwa ugali na sombe, chakula changu kikapoa palepale, na mimi nikasoma. Kila nilipofika penye neno "bibi" sebule nzima iliangua kicheko, na koko alinigusa bega kwa fimbo: "Soma tu, bwana yangu, hapana sikiliza bale." Nikasoma sura yote, kisha akaniomba niirudie, nikairudia, na mara ya pili nilianza hata kuipenda, sura nzuri kabisa, bora kuliko zote, mimi ndiye niliyekuwa mjinga.

Tulipokuwa tunatoka, Kahindo akanipa katoni niibebe mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu. "Asante juu ya koko," akaniambia. "Mais ile ya dawa, bado sijakusamehea." Nikamwambia hata mimi bado.

Nimeapa, na Masika ni shahidi: sitatoa tena maoni juu ya kitabu ambacho sijakianza mwanzo, hata kama ni cha kurasa nne, hata kama ni cha mapishi. Mtu akitaka kunicheka, anicheke. Kila tunapokwenda Beni kurudisha vitabu, kuna mama mzee anayeuliza mlangoni kwa nini nimechelewa, ananiita bwana yake mbele ya watu wote, na mimi namwitikia "bibi" kwa sauti kubwa, asikie vizuri.