Siku Bibi Alipotuongoza Ankole

Wenzangu mliokulia Kanazi miaka ile hamtashangaa nikisema kwamba gari dogo likisimama mbele ya kibanja, hata waliokuwa wakimenya ndizi waliweka visu chini. Gari lilimaanisha padri, daktari au msiba. Sasa fikirieni siku liliposimama kwetu, stesheni wagoni nyeupe, na aliyeshika usukani ni Baba!

Halikuwa letu. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alilikodi kwa siku nne kwa Mzee Jetha, Mhindi mwenye duka la vitambaa Bukoba mjini, ambaye Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko cha sisi watoto. Mimi na kaka yangu Deo tuliongozana na Baba kulichukua. Mzee Jetha alilizunguka mara mbili, akalipigapiga boneti kama mtu anayeaga ng'ombe wake.

"Mwalimu, huyu ni kama binti yangu. Mlimani umpe gia ndogo, usimtese."

"Atarudi kama alivyoondoka, Mzee," Baba akajibu.

Safari yenyewe ilitokana na barua. Bibi, mama yake Baba, alikuwa na dada mmoja tu, aliyeolewa Ankole, Uganda, na mfanyabiashara wa ng'ombe. Vita vilipofunga mpaka, wakapoteana. Miaka mingi baadaye dereva mmoja wa lori akaleta karatasi iliyokunjwa mara nane. Iliandikwa na mjukuu wa huyo dada, na maneno yalikuwa machache: macho yanaondoka, naona vivuli tu, mdogo wangu njoo nikuone kabla giza halijaniingia.

Bibi aliishi Muleba, kwa hiyo siku ya kwanza tulikwenda kusini kumchukua. Tulimkuta amekaa mlangoni kwenye kigoda, amevaa gauni la Pasaka, rozari shingoni, na miguuni ana kikapu cha senene, wale panzi watamu, waliokaushwa, kimefunikwa majani ya mgomba. Jirani alituambia amekaa hivyo tangu jana yake. Mama alikuwa amebaki nyumbani Kanazi na mtoto mchanga na kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka, baada ya kutufungia matoke na maharage kwenye majani, na karanga za kuchemsha za kutosha kijiji.

Alfajiri ya siku ya pili tukaelekea kaskazini. Ee, furaha ile! Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu, na madirisha yalifunguliwa yote kwa sababu hakukuwa na kiyoyozi wala nini. Mimi na Deo tulishindana kuhesabu baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi. Aliyekosea alipigwa kikofi mkononi. Tulipovuka daraja la Kyaka mbao ziligonga chini ya magurudumu, Bibi akafumba macho akasali Salamu Maria kwa kasi ya ajabu. Tulipofika Mutukula nywele za Deo zilikuwa zimegeuka rangi ya tofali, na mimi nilicheka mpaka nikajiona kwenye kioo.

Kabla hatujafika kwenye kizuizi cha mpaka, Baba alisimamisha gari, akakaza tai yake, akamgeukia Bibi kwa heshima.

"Mama, huko mbele mazungumzo uniachie mimi. Wale ni watu wa Kiingereza."

"Haya, mwanangu," Bibi akasema. "Mdomo nimeufunga."

Na kweli akaufunga. Baba alitoa Kiingereza chake chote cha chuo cha ualimu, kirefu, chenye adabu. Ofisa wa upande wa pili alisikiliza, akagonga muhuri kwenye hati zetu za safari, kisha akaona kikapu. Alipofunua jani akacheka, akachota senene kiganja kizima, akatafuna akitupungia mkono tupite. Deo aliniambia kwa sauti ndogo kwamba kumbe Waganda nao ni watu.

Ndivyo tulivyokuwa. Darasani tulichora ramani ya Tanzania tukaacha nje ya mstari karatasi nyeupe, basi tukaamini huko nje hakuna kitu. Kumbe kulikuwa na migomba ileile, kanisa lenye kengele ileile, na watoto wakikimbiza matairi kwa vijiti kama sisi.

Tulipita Masaka, tukageuka magharibi. Baada ya Mbarara barabara ikaanza kugawanyika, na kibao hakuna. Baba akamuuliza mama mmoja aliyekuwa akipalilia, kwa Kiswahili safi cha darasani. Yule mama alinyanyua jembe lake akaingia ndani, akafunga mlango. Hatukujua wakati ule kwamba kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na askari waliwahi kuwaumiza. Mbele kidogo Baba akajaribu Kiingereza kwa vijana waliokaa dukani. Wakatazamana, mmoja akaonyesha mkono kushoto, mwingine kulia. Baba akachagua kushoto.

Tukaenda saa nzima. Migomba ikaisha, tukaona nyasi tupu na ng'ombe wenye pembe ndefu kuliko mikono yangu. Mshale wa mafuta ukakaribia kulala. Jua likaanza kushuka, na Baba akaacha kupiga mluzi, nasi watoto tukaacha kuhesabu. Mwisho alizima gari katikati ya njia, akaweka paji la uso kwenye usukani.

"Mama," akasema taratibu, "nimepotea."

Bibi aliteremsha kioo chake mpaka chini, akatoa kichwa nje, akamwita mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe upande wa pili. Akamsalimu kwa Kihaya. Kihaya kilekile cha Muleba, cha jikoni, cha kutupigia kelele tukichelewa kuteka maji.

Yule mzee akasimama, akatega sikio, uso ukafunguka. Akajibu. Maneno yake yalikuwa yamepindapinda kidogo, kama mtu anayesema Kihaya huku anatafuna, lakini nilimwelewa! Nilimshika Deo mkono nikapiga kelele, "Nimemsikia! Anauliza tumetoka wapi!"

Walizungumza kwa raha zao: mvua, ng'ombe, koo, nani alimzaa nani. Baba akalegeza tai yake. Kumbe yule mzee alimjua marehemu mume wa dada yake Bibi, tena aliwahi kununua fahali kwake. Alituambia turudi nyuma hadi kwenye mti ulioungua, tushike njia ya kulia. Kisha akamtuma binti yake kuleta maziwa kwenye kibuyu, tukanywa wote, mpaka Baba.

"Endesha, mwanangu," Bibi akasema akijifuta midomo. "Kushoto na kulia nitakuambia mimi."

Tulifika jua likiwa bado juu ya vilima. Dada yake Bibi alitolewa nje akiongozwa na mjukuu, kibibi chembamba, macho meupe. Bibi alianza kulia kabla hajashuka garini, akasema jambo ambalo hata yeye hakujua ni nini.

Yule kibibi akasimama. "Huyo mwenye makelele," akasema, "bado hajafa?"

Bibi akaangua kicheko katikati ya machozi. Walishikana nyuso, wakapapasana masikio, pua, mikunjo ya shingo, wakichekana walivyozeeka. Usiku ule walilala kitanda kimoja kama wasichana, na tuliwasikia wakicheka mpaka usingizi ukatuchukua.

Wote wawili wametangulia sasa. Desemba iliyopita mwanangu na wenzake walikodi gari Bukoba, lenye viti vya ngozi na baridi ya kuvalia sweta, wakazunguka Uganda wiki nzima. Simu ikawaambia pa kukata kona, pa kula, pa kulala. Hawakupotea hata mara moja, na wamerudi na picha mia tano. Niliziangalia zote kwa furaha. Kwenye moja nikavitambua vile vilima.

"Hapa ni kwa jamaa zetu," nikamwambia. "Mliwasalimu?"

Akashangaa. "Mama, tungejuaje? Tulipita tu."

Lami siku hizi ni nzuri. Mtu anaweza kuwapita ndugu zake kwa dakika mbili.