Breki za V8 yangu zilivyokataa Riat, nyuma ya jeneza la mama

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Nimesoma vijana hapa wakibishana gari ya nani ina nguvu, nikachoka. Acheni mzee mwenzenu awape kisa kama kilivyokuwa, bila chumvi.

Miaka ya sabini nilikuwa na gari ya Kimarekani, V8, milango miwili, niliyonunua kwa mwalimu mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Kwa barabara iliyonyooka hakuna mtu alinishika. Kwa kona, woi! Ilikuwa inalala mpaka abiria wanashikana mikono.

Na breki? Drum zote nne, zile za kizamani zilizofungiwa ndani ya gurudumu. Ukikanyaga sana zinapata moto, zinaacha kushika.

Fundi wangu, Mzee Singh, aliniambia waziwazi, "Bwana, anza na breki. Weka disc mbele, hizo hazichemki haraka."

Nikamwambia hizo baadaye. Nikaweka springi ngumu, shocks mpya, tairi pana. Kusema kweli nilitaka vitu vya kuonekana. Nani husimama barabarani kusifu breki?

Kona ikawa tamu. Nikavimba kichwa.

Halafu mama akafariki, Kakamega, kwa dada yangu.

Tulimrudisha nyumbani Kano, ng'ambo ya Kisumu, mchana. Jeneza lilikuwa kwa pickup, akina mama wamekaa kando yake wakiimba. Mimi nyuma yao na V8, babangu kiti cha mbele, mjomba na wazee wawili wamejibana nyuma. Mnajua desturi yetu: mwili ndio unaongoza, hakuna kuupita, na mwendo ni wa polepole.

Tukaanza kuteremka Riat, ule mlima mkali wa kuingia Kisumu. Nikaweka gia ya chini ili engine inisaidie kuzuia gari. Ikanguruma kwelikweli.

Mjomba, ndugu ya mama, akanigusa bega. "Okewo," akasema, ndivyo mjomba huita mtoto wa dadake, "punguza hiyo kelele. Dada yangu hapelekwi nyumbani kama mtu wa mashindano."

Niliona aibu. Nikaweka free, yaani nikatoa gia kabisa, gari ikanyamaza, nikateremka na breki peke yake.

Nilidhani mwendo wa polepole hauna shida. Kumbe mguu wangu haukutoka kwa pedal hata kidogo. Nikasikia harufu ya kuungua. Nikakanyaga kwa nguvu zote, gari haipungui. Handbrake, bure. Nikarudisha gia, nimechelewa.

Pickup ikawa inakaribia. Nikaona nyuso za akina mama. Waliacha kuimba.

Upande wa kulia lori lilikuwa linapanda. Nikakata kushoto, nikaingia kwa ukingo wa udongo, gari ikajikwaruza mpaka ikasimama.

Jeneza halikuguswa, Mungu ni mkubwa. Lakini babangu alirushwa kwa dashboard, akavunjika bega la kulia. Alimzika mkewe akitupa udongo kwa mkono wa kushoto. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika kitu, alivunjika mwingine, na hiyo inaniuma mpaka leo.

Baada ya matanga ndio nilifanya ile kazi. Disc mbele, kutoka gari ingine iliyokuwa imeanguka. Lining mpya kwa drum za nyuma, mafuta ya breki mapya. Mzee Singh hakunikumbusha maneno yake, afadhali angenitukana. Nikapakia magunia ya mchanga, nikateremka Riat mara sita. Kila mara ikasimama pale nilipotaka.

Somo ni fupi: kabla ya kuongeza chochote, hakikisha inasimama. Na kwa mteremko usiweke free, hata kama ni heshima ya nani.

Mtauliza babangu alisema nini. Nilienda kumchukua, nikamwambia, "Baba, nimetengeneza." Akaingia, tukaondoka. Barabara ya Kano ni tambarare kabisa. Nikatupa jicho chini, nikaona mguu wake umekanyaga sakafu kwa nguvu, anafunga breki upande ambao hauna breki.

Aliishi miaka tisa zaidi. Kila safari, mguu ulikuwa pale.

Kama kuna mtu hapa aliwahi kumtoa mzazi wake hofu aliyomtia yeye mwenyewe, aandike alifanyaje. Mimi nilishindwa.